Biashara ya mama mdogo inauzwa bei gani?

Mwezi wa pili mama mdogo alinipigia simu saa nne usiku, yuko kwenye gari anaenda zamu ya UPS pale uwanja wa ndege. Hata kunisalimia hakunisalimia. "Mutoto wangu, unisaidie niuzishe hii biashara. Uiweke kwenye Facebook. Elfu sita."

Dola elfu sita. Nikamwuliza, mama, tunauza nini hasa? Akanyamaza kidogo. "Biashara," akasema. "Iko na watu kumi na mmoja chini yangu."

Usiku ule nikakaa kuandika tangazo. "Inauzwa: biashara ya..." nikakwama hapo hapo. Ukiuza gari unaandika mwaka na maili. Ukiuza nyumba unaandika vyumba. Hii niandike nini, namba yake ya uanachama? Nimeamua kulizungumza hapa manake tangu tufanye kile kipindi cha biashara za mtandao meseji zinakuja za aina moja: mama yangu yumo, shemeji yangu yumo, mimi mwenyewe nimo, natokaje? Na karibu kila mtu anauliza kama anaweza kuuza nafasi yake, angalau arudishe alichoweka.

Kwa niliyoyaona, hauzi. Na hilo lilikuwa limeandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Kosa langu nilitaje mapema: mkataba wa mama mdogo niliutafsiri mimi. Nilikuwa na miaka 17. Kazi hiyo mnaijua, hakuna anayetulipa: barua ya bima, karatasi za shule, fomu za msaada wa chakula, zote zinakuja kwetu. Mkataba ulikuwa kwenye simu, kurasa kama thelathini. Nikashuka na kidole mpaka chini, nikamwambia "weka saini hapa." Mwaka huu ndo nimeusoma wote, pale maktaba ya Iroquois, saa mbili nzima. Saa mbili tu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nazo.

Yeye alikuwa ameambiwa maneno mengine, sebuleni kwa rafiki yake karibu na New Cut Road: hii ni biashara yako mwenyewe, hakuna bosi, utairithisha watoto. Mtu ambaye amekuwa akipanga vifurushi usiku tangu atoke kambi ya Nyarugusu, ukimwambia "yako mwenyewe" atakusikiliza. Simlaumu hata kidogo.

Lakini kitu kikiwa chako unaweza kukiuza. Chukua dada anayesuka nywele hapa South End. (Kentucky iliwaondolea wasukaji ulazima wa leseni ya saluni mwaka 2016, kwa hiyo kuanza si ghali kama zamani.) Akiamua kuhama, ana viti, ana vioo, ana mkataba wa pango, ana jina ambalo watu wanalitafuta na namba za wateja kwenye simu yake. Mtu anaweza kumlipa kwa hivyo vyote. Kule Columbus, mwenye kibanda cha nguo pale Global Mall anaweza kumwachia mwingine mzigo na wateja waliozoea kuja. Dar es Salaam kuna neno la ile pesa ya juu unayotoa ili upewe sehemu iliyochangamka, wanaiita kilemba. Mjomba mwenye lori ana hati yenye jina lake. Lori hata likichoka, watu wa vipuri watalichukua. Na wanaopima bei ya biashara ndogo hapa Marekani mara nyingi wanaangalia faida inayombakia mwenyewe kwa mwaka, halafu wanazidisha mara mbili au tatu hivi.

Basi tupime ya mama mdogo. Hundi ya kamisheni, kwa wastani, dola 160 kwa mwezi. Ili ahesabiwe kuwa bado yuko hai na alipwe hiyo kamisheni, lazima anunue bidhaa za dola 125 kila mwezi, zinakatwa kwenye kadi bila kuulizwa. Zinabaki 35. Kwa mwaka 420. Mwaka jana akaenda mkutano wa kampuni mara moja tu: tiketi, hoteli na mafuta ya gari, 600. Kwa hiyo faida ya mwaka ni kasoro 180. Zidisha mara tatu kama unataka.

Na bado sijahesabu saa zake. Jumapili baada ya ibada, Jumamosi asubuhi badala ya kulala, simu za kuwafuata watu.

Mama mdogo si mvivu na si mjinga, na hayuko peke yake. Mwaka 2024 FTC, ile tume ya serikali kuu inayolinda wanunuzi, ilitoa ripoti juu ya taarifa za mapato za kampuni 70 za namna hii, taarifa zinazoandikwa na kampuni zenyewe. Picha iliyotoka: washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na kuna kampuni ambazo wengi hawakupata hata senti. Hapo gharama bado hazijatolewa. Sasa mtu anunue mapato hayo kwa elfu sita, kwa nini?

Tukasema sawa, mapato hakuna, lakini mzigo si upo? Kwenye gereji kulikuwa na maboksi 14: chai ya kupunguza tumbo, krimu, vidonge vya lishe. Alikuwa ameyalipia kama dola 2,900. Hapa kuna habari nzuri nusu. Kampuni zilizo ndani ya chama chao cha kitaifa zina kanuni: mtu akijitoa, zinanunua tena mzigo wake kwa asilimia 90 ya alicholipa, kama aliununua ndani ya miezi 12 na kama bado unauzika. Kwenye "bado unauzika" ndipo pesa inapopotelea. Boksi lililofunguliwa limetoka. Linalokaribia kuisha muda limetoka. Bidhaa ambayo kampuni imeacha kuitengeneza imetoka. Kati ya maboksi 14, yaliyopita ni mawili. Wakakata kamisheni walizokuwa wamelipa juu ya mzigo huo, nauli ya kurudisha tukalipa sisi, mkononi zikabaki dola 410.

Mengine 12 niliangalia mtandaoni. Kwanza, mkataba unakataza kuuza eBay au Amazon. Kampuni nyingi zinakataza hivyo. Pili, hata ningevunja sheria yao, chai ile ile ilikuwa imejaa huko, inauzwa na watu kama yeye, wote wanatoka, kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia yeye. Waliofuatilia mambo ya LuLaRoe, ile ya suruali za kubana zenye maua, wanaikumbuka hali hiyo. Mwaka 2017 kampuni ilikuwa imesema itarudisha asilimia 100, halafu mwezi wa tisa ikarudi kwenye 90 na masharti. Wanawake walioingia na mzigo wa dola elfu tano wakawa wanauza kwenye Facebook chini ya herufi nne, GOOB, maana yake natoka kwenye biashara. Soko zima linauza kitu kimoja, na kila muuzaji ana haraka. Jimbo la Washington liliishtaki kampuni hiyo mwaka 2019, na mwaka 2021 ikakubali kulipa dola milioni 4.75. Mzigo wa gereji lakini haukupanda bei kwa sababu ya hiyo.

Tufike kwenye mkataba wenyewe, ukurasa wa 19, ambao ningemsomea kwanza kama ningekuwa na akili. Nafasi yako huwezi kumwuzia wala kumpa mtu mpaka kampuni ikubali kwa maandishi. Kampuni ina haki ya kuinunua kwanza. Atakayeipokea lazima naye atimize masharti ya kila mwezi, la sivyo watu wa chini wanapanda kwenda kwa aliye juu. Usiponunua kwa miezi kadhaa, nafasi inafutwa. Orodha ya watu wako, majina na namba zao, ni mali ya kampuni, ni siri yake. Na kampuni inaweza kubadilisha mpango wa malipo wakati wowote.

Nilipomtafsiria haya, safari hii polepole, akauliza swali moja: "Kumbe mimi nilikuwa na nini?" Nilikosa jibu zuri. Alikuwa na ruhusa ya kununua. Hata ile ya kurithisha watoto, mkataba unasema mrithi lazima ajaze fomu, akubaliwe, aanze naye kununua kila mwezi. Watoto wake wako darasa la nne na la sita.

Halafu kuna wale watu kumi na mmoja. Ndo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mtu wa nje angeweza kukitamani, kwa hiyo nikawaangalia mmoja mmoja. Wawili wa kwaya. Jirani. Mama wa kanisani aliyemfundisha kuendesha gari. Waliobaki saba ni ndugu: dada yake hapa Louisville, mashemeji Columbus, na binamu zangu Buffalo. Ukiichora timu yake unapata ramani ya namna watu wetu walivyotawanyika, South End, Columbus, Buffalo, kila mtu alipopewa nyumba au alipofuata mwenzake. Kampuni haikututengenezea mtandao huo. Tulikuja nao.

Mgeni akinunua nafasi ya mama mdogo, hao kumi na mmoja watamjibu simu? Walinunua chai kwa sababu ni yeye. Binamu yangu mmoja wa Buffalo alitoa zamu yake yote ya likelemba, dola 2,000, akanunua boksi la kuanzia, manake shangazi yake hawezi kumdanganya. Hajampigia simu tangu Krismasi ya mwaka juzi. Hapo hakuna bei. Yaani kitu pekee chenye thamani ndani ya hiyo biashara kilikuwa imani ya watu, na hiyo alikuwa nayo kabla hajaingia, bure. Ameingia nacho kizima, anatoka nacho nusu.

(Likelemba wengine mnaita mchezo, wengine upatu. Tanzania neno upatu sasa linatumika hata kwa hizi piramidi zinazopigwa marufuku, na mimi naona limeonewa. Kwenye likelemba ukiweka 200 kwa miezi kumi unapata 2,000. Hakuna anayehitaji kuingiza mtu mpya ili wewe ulipwe.)

Wazee wetu wanazijua hizi hadithi kuliko sisi. Waulize wa Kinshasa kuhusu Bindo, watu waliweka pesa wakiahidiwa zitazaa mara nyingi, mwaka 1991 ikaanguka. Tanzania ilikuwa DECI, na lugha yake ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna, mpaka serikali ikaifunga mwaka 2009. Ila hizo zilikuwa pesa kwa pesa. Hapa Marekani inakuja na boksi, na risiti, na video nzuri, kwa hiyo mzee anasema hii si Bindo, hii ina bidhaa. Na kisheria anaweza kuwa sawa. Tangu kesi ya Amway ya mwaka 1979, kampuni ya namna hii inaruhusiwa kama pesa yake inatoka kwenye mauzo kwa wateja wa kweli na si kwenye kuingiza watu. Sisemi zote ni haramu. Kitu kinaweza kuwa halali na bado kisiuzike.

Na ikiwa si halali, inaisha ghafla. Wasikilizaji wa Kentucky, hii ni ya kwetu: Fortune Hi-Tech Marketing, ofisi yake kuu ilikuwa Lexington, saa moja na dakika kidogo kutoka hapa kwa I-64. Mwezi wa kwanza 2013 FTC pamoja na wanasheria wakuu wa Kentucky, Illinois na North Carolina waliipeleka mahakamani wakisema ni piramidi, na mahakama ikaisimamisha. Mashtaka yalisema kuwa kule Chicago iliwalenga wanaoongea Kihispania, wahamiaji kama sisi. Mwaka uliofuata yakafika makubaliano, dola milioni 7.75 zitafutwe za kurudishia watu. Fikiria mtu ambaye wiki moja kabla angesema "biashara yangu ina thamani ya elfu hamsini." Saluni ya jirani haiwezi kufungwa kwa sababu ofisi ya Lexington imefungwa. Yake ilifungwa.

Herbalife yenyewe haikufungwa. Mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha namna inavyowalipa watu wake, na mwanzoni mwa 2017 FTC ikatuma hundi kwa watu karibu 350,000. Nyingi zilikuwa kati ya dola 100 na 500. Kama unataka kujua "bei ya kuuza" ambayo watu wa biashara ya mtandao wamewahi kulipwa kwa wingi, pengine ni hiyo, na ililetwa na serikali.

Kaka mmoja aliniandikia akisema, mbona hata McDonald's ni hivyo, unalipa, unafuata sheria zao, jina si lako? Swali zuri. Lakini anayekuuzia tawi la namna ile lazima akupe kitabu kizima cha taarifa siku 14 kabla hujasaini wala kulipa, ndani kuna gharama, kesi na simu za waliotoka. Biashara za mtandao haziko chini ya kanuni hiyo. Anayekuingiza anaweza kukupa simu usaini juu ya kochi, soda bado mkononi. Na mwenye tawi la mgahawa, kampuni ikimkubalia mnunuzi, ana jiko na wateja wanaopanga foleni bila kuwa shemeji zake.

Mwingine akasema, saluni nazo zinafungwa, maduka yanakufa. Kweli. Biashara nyingi za kweli zinakufa. Lakini zikifa unauza viti, unauza friji, na ujuzi unabaki mkononi mwako. Kule Buffalo, West Side Bazaar ilianza na vibanda vidogo vya wakimbizi na wahamiaji, mtu anapika chakula cha kwao, anajifunza hesabu, anapata wateja asiowajua. Jengo la Grant Street liliungua mwaka 2022, wakaja kufungua tena Niagara Street. Ninachokipenda hapo ni hao wateja wasiowajua. Mama mdogo kwa miaka mitatu aliuzia wageni wawili.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaosoma mikataba ya wazazi: mkiletewa simu, nendeni kwanza kwenye sehemu ya kuhamisha na sehemu ya kufutwa. Msianze na ukurasa wa zawadi na magari. Na mkikaa kwenye kikao sebuleni, mwulizeni anayewaonyesha: wewe yako ukiiuza leo, nani ananunua, bei gani? Kwa adabu, maana mara nyingi ni mtu mzima unayemheshimu, na mara nyingi naye hajawahi kuulizwa. Mmoja niliyemwuliza mwezi uliopita, mzee wa kanisa letu, alicheka, akasema huwezi kuuza kitu kinachokua. Halafu akaniita pembeni, kwa sauti ya chini, akaniuliza kama ile ya kurudisha maboksi inafanya kazi kweli. Tulikaa naye Jumanne. Matano yake yanafaa.

Tangazo la elfu sita sikuliweka. Tuliandika barua pepe ya mistari minne ya kujitoa, tukapiga simu benki kadi isikatwe tena. Rafu ya chuma na meza ya kukunja, zile alizokuwa anapangia bidhaa, zimechukuliwa na baba mmoja Mrundi mwenye duka la vitenge kwa dola 45, siku ile ile tulipozitangaza. Zile 410 mama mdogo ameziweka kwenye bahasha na hataki nimwambie chochote juu yake. Ameomba likizo wikendi ya mwisho ya mwezi wa tano, anataka kwenda Buffalo kumwona binamu yangu uso kwa uso, si kwa simu. Ni kama maili 540. Nitaendesha mimi.